UPS Inalia: Inunuliwe Nyingine au Isikilizwe Kwanza?

Umeme unakatika saa nane mchana, kompyuta ya kaunta inazimika papo hapo, na UPS iliyonunuliwa kwa ajili ya dakika kama hiyo inabaki inalia peke yake chini ya meza. Katibu muhtasi anaijua hali hii, wakala wa pesa anaijua, mwalimu wa chumba cha kompyuta anaijua, kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Wanachobishania ni hatua ya kuchukua baada ya hapo.

Mjadala ufuatao ni wa boksi moja la namna hiyo, la VA 650, katika duka la steshenari Sinza, Dar es Salaam. Wanaozungumza ni wanne: mwenye duka (mama aliyeanza na mashine moja ya fotokopi), dada anayechapa na kupokea wateja, fundi kompyuta wa mtaani, na mzee aliyestaafu kufundisha umeme katika chuo cha ufundi, ambaye wote wanamwita Mwalimu. Hawapewi majina, kwa kuwa hoja zao ni zile zile zinazosikika popote palipo na UPS mbovu, na kinachopimwa hapa ni hoja.

Mwenye duka ndiye anayeanza, na ana haki ya kuanza, maana fedha ni zake.

"Fundi, hili boksi nimelichoka. Mwanachuo kaniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, tumechapa kurasa 40, umeme ukakatika na kazi yote ikapotea. Nitafutie UPS mpya, hii kaitupe."

Fundi anakubali inunuliwe mpya, ila kwa sababu yake mwenyewe. "Mama, betri nimeipima kwa mita, inasoma volti 12.6. Betri ni nzima kabisa. Kilichokufa hapo ni bodi, na bodi za UPS hizi ndogo hazilipi kutengeneza."

Dada wa kaunta anawapinga wote wawili. Kwake UPS ni mambo ya zamani. "Leteni laptop. Laptop ina betri yake ndani, umeme ukikatika kazi inaendelea. Na hizo kelele mbona nimeshazipunguza? Kuna kitufe hapo mbele, ukikibonyeza ile pii-pii inanyamaza."

"Umeinyamazisha tangu lini, mwanangu?" Mwalimu anauliza.

"Tangu mwezi wa pili, Mwalimu. Shikamoo. Ilikuwa inatusumbua sisi na wateja."

"Marahaba. Na kabla hujainyamazisha, ilikuwa inalia umeme ukiwepo au ukiwa haupo?"

Dada anafikiri kidogo. Ilikuwa inalia umeme ukiwepo.

Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote, na mara nyingi halipati mtu wa kuliuliza. Mlio wa UPS ni lugha, na kila mpangilio una maana yake. Katika nyingi za boksi hizi ndogo, milio michache inayorudi kila baada ya sekunde kadhaa inaeleza kwamba umeme wa ukutani haupo na betri ndiyo inayofanya kazi. Baadhi ya Back-UPS za APC, kwa mfano, hupiga milio minne kila baada ya sekunde 30. Milio ikifuatana haraka, betri inakaribia kwisha. Mlio mmoja mrefu usiokatika aghalabu unaonyesha mzigo umezidi uwezo, au kuna hitilafu ndani. Na mlio unaotoka wakati umeme upo, baada ya boksi kujijaribu lenyewe, kwa kawaida unaomba betri mpya. Kila kampuni ina mpangilio wake, kwa hiyo maana kamili inatafutwa katika kijitabu kilichokuja na boksi au kwenye lebo ya chini. Duka hili liliarifiwa miezi kadhaa kabla ya ripoti ya mwanachuo kupotea, na jibu lilikuwa kidole juu ya kitufe. Dada hana lawama peke yake. Kijitabu kilitupwa pamoja na katoni siku ile ile boksi lilipofunguliwa, kama inavyotupwa katika maduka mengi.

Lakini boksi hili halilii pii-pii tu. Lina kelele nyingine, na hapo ndipo fundi anapopata nguvu.

"Mwalimu, kuna mgongano ndani. Kuanzia saa nne asubuhi inagonga tak, tak, inatulia, halafu tak tena. Hizo ni rilei zimelegea. Ndiyo maana nasema bodi."

Mwalimu hamjibu. Anasogea mlangoni. Jirani wa pili ni kijana anayechomelea mageti na madirisha, na wakati huo ameshavaa miwani yake. Anagusisha kijiti kwenye chuma, cheche zinaruka, taa ya duka inafifia kidogo, na chini ya kaunta UPS inagonga: tak. Kijana anainua mkono kukagua kazi yake, taa inarudi, UPS inagonga tena. Mwalimu anamwomba fundi achomeke mita kwenye soketi. Kijana akiwa amepumzika inasoma volti 228. Akichomelea inashuka hadi 187.

Kilichokuwa kinagonga ni kazi ya kawaida ya UPS za aina hii. Ndani yake kuna transfoma yenye matoleo kadhaa, na rilei huchagua toleo la kutumia: umeme wa ukutani ukishuka, rilei inaruka kwenda kwenye toleo linaloupandisha, ukirudi sawa nayo inarudi. Wenye kompyuta wanaokaa karibu na mashine za kusaga, za kuchomelea au pampu kubwa za maji wataisikia sauti hiyo mchana kutwa. Bodi inayogonga namna hiyo iko hai. Laini ndiyo inayosumbua.

Hata hivyo fundi hakukosea kabisa, na Mwalimu analikiri hilo. Rilei inayogonga mamia ya mara kwa siku huchakaa mapema. Na volti zikishuka chini ya mpaka ambao transfoma inaweza kuupandisha, boksi linahamia kwenye betri kwa sekunde chache, linarudi, linahamia tena. Betri inaliwa kidogo kidogo asubuhi nzima pasipo mtu kujua, halafu saa nane umeme unapokatika kweli inakutwa imebaki na nusu.

"Sasa tumfukuze kijana wa watu?" mwenye duka anauliza.

"Hapana, mama. Kwanza tujue kama mnatumia mita moja. Kama ni moja, mtenganishwe. Kama kila mtu ana yake, shirika la umeme liombwe lije kukagua viungo vya waya nguzoni, na mafundi wake ndio watakaoona kama duka linaweza kuhamishiwa kwenye fezi nyingine. Hapo nguzoni asipande mtu mwingine yeyote. Na kama volti zinapanda na kushuka hata kijana akiwa amezima mashine, hiyo ni hatari kubwa zaidi, huenda waya wa nyutro umelegea. Taarifa itolewe siku hiyo hiyo."

Tahadhari hiyo si ya kutishana. Nyutro ikikatika katika mfumo wa fezi tatu, nyumba moja inaweza kupata volti chache na jirani yake akapata zaidi ya 300 badala ya 230, na friji, televisheni na chaja zikaungua kwa mkupuo.

Muungurumo wa chini unaosikika muda wote haukuwashughulisha sana, wala haustahili kumkosesha mtu usingizi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chuma cha transfoma hutikisika mara mbili ya hapo, yaani mara 100 kwa sekunde. Ukizidi wakati boksi linatumia betri, hiyo pia ni kawaida kwa UPS za bei nafuu. Kinachotakiwa kuogopwa ni muungurumo unaoambatana na harufu ya kuungua au ganda la nje lisiloshikika kwa joto. Hapo boksi linazimwa, linachomolewa, mjadala unaahirishwa.

Inabaki betri, na hapa ndipo mjadala unapokuwa mkali.

"Volti 12.6, Mwalimu. Mita haidanganyi," fundi anasema. "Na UPS yenyewe nimeijaribu. Nimechomeka taa, nikazima ukutani, taa ikawaka dakika ishirini nzima."

"Taa gani?"

"Ile ya LED, wati 9."

Mwalimu anafungua mkoba wake na kutoa taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55, iliyounganishwa nyaya mbili zenye vibanio. Betri imeshatolewa kwenye boksi na iko juu ya kaunta, ndogo, nyeusi, imeandikwa volti 12, Ah 7. Anabana nyaya za mita kwenye vichwa vyake: 12.6, kama alivyosema fundi. Kisha anabana taa. Inawaka nyeupe kwa kitambo kifupi, mita inashuka hadi 11.2. Baada ya sekunde kumi ni 10.1, na mwanga umegeuka njano. Nusu dakika haijaisha, mita inasoma 8.7 na uzi wa taa umekuwa mwekundu kama kaa. Mwalimu anatoa taa. Namba zinaanza kupanda zenyewe, 11, 11.8, 12.2, na mtu ambaye angeingia dukani wakati huo na mita yake angeapa kwamba betri ni nzima.

Hapo ndipo mafundi wengi wazuri wanapokosea. Volti za betri iliyopumzika zinaonyesha kama ina chaji, hazionyeshi kama inaweza kuitoa. Betri hizi ni za risasi na asidi, ugunduzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859. Zinapozeeka, sahani za risasi hufunikwa na fuwele ngumu za salfeti na unyevu wa ndani hukauka. Umeme unabaki umefungiwa ndani. Ukiuomba kidogo, kwa taa ya wati 9, unatoka bila shida. Ukiuomba mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka, na UPS ikiona zimefika karibu na 10.5 inakata ili kuilinda betri. Kompyuta inazimika. Betri mpya ya ukubwa huo ingeibeba taa ya wati 55 kwa nusu dakika huku volti zikibaki 12 na ushei.

Fundi ananyamaza, halafu anasema jambo la kiungwana: kuanzia leo atatembea na taa ya gari.

"Lakini mbona imekufa mapema hivyo?" mwenye duka anataka kujua. Muhuri ulio ubavuni unaonyesha betri ina zaidi ya miaka minne, kwa hiyo haikufa mapema. Betri hizi hutarajiwa kuishi miaka mitatu hadi mitano zikikaa kwenye nyuzi joto 25. Kila joto likiongezeka nyuzi 10 hivi juu ya hapo, umri unakatika karibu nusu. Chini ya kaunta iliyozibwa kwa mbao, Dar es Salaam, mwezi wa pili, karibu na fotokopi inayotoa joto lake, ni mahali pabaya sana pa kuweka betri ya risasi. Mtu anayehamisha boksi kutoka pale na kuliweka penye hewa anaongeza miezi mingi bila gharama yoyote.

Hoja ya pili inahusu mzigo. Kompyuta mbili za mezani na skrini zake zinakula kama wati 200. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 20, ukihesabu na kinachopotea njiani. Ile Ah 7 iliyoandikwa ubavuni imepimwa kwa kuitoa polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35 tu. Ukiinyonya kwa ampea 20, inatoa kama nusu ya ilichoandikiwa. Matokeo yake ni dakika kumi hivi, tena ikiwa mpya.

"Dakika kumi tu? Muuzaji aliniambia nusu saa!"

"Nusu saa ni kwa kompyuta moja ndogo, mama. Kazi ya hili boksi ni kukupa muda wa kuhifadhi ulichoandika na kuzima kwa utaratibu. Kuendesha duka mpaka umeme urudi si kazi yake."

Mwalimu anafuata nyaya kwa mkono, kutoka nyuma ya boksi hadi kwenye ekstensheni, na kutoka ekstensheni hadi nyuma ya kabati. Huko anakuta printa ya leza. Dada anaeleza kwamba soketi ya ukutani ilikuwa mbali. Sasa mlio mrefu, ambao fundi aliwahi kuusikia hapa na kuuhesabu kama ugonjwa wa bodi, unapata maelezo. Printa ya leza, kila inapopasha moto roli yake, inavuta wati 600, nyingine zaidi ya 1,000, kwa sekunde chache. Boksi la VA 650 lina uwezo wa wati 360 hadi 390 tu, namba ambayo imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya ile kubwa ya katoni. Umeme ukikatika huku printa inapasha moto, hata betri iliyotoka kiwandani jana isingefua dafu. Printa za leza, pasi, feni kubwa na birika la umeme hazichomekwi kwenye matundu ya betri ya UPS ndogo.

Fundi ana pendekezo, na ni pendekezo ambalo limeshatekelezwa katika maduka mengi ya Afrika Mashariki. "Basi tuachane na vibetri hivi. Tutoboe boksi, tutoe nyaya nje, tuunge betri ya gari, N50. Itakaa masaa, mama utasahau habari ya kukatika umeme."

Mwandishi wa makala haya anasimama na Mwalimu hapa bila kusitasita. Chaja ya UPS ndogo hutoa ampea moja, mara nyingi pungufu ya hapo. Kujaza betri ya Ah 50 iliyokwisha ni zaidi ya siku mbili, na katika mtaa ambao umeme unakatika kila siku haitajaa kamwe, itakufa kwa salfeti ile ile. Transfoma na transista za ndani zimepimwa zibebe joto la dakika chache. Ukizilazimisha zifanye kazi saa tatu, zitaungua, na boksi la plastiki chini ya kaunta iliyojaa karatasi ni mahali pabaya pa moto kuanzia. Betri ya gari isiyozibwa nayo hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche. Anayehitaji masaa anunue inveta iliyotengenezwa kwa masaa, na betri na chaja yake.

Betri ya lithiamu je? Dada ndiye anayeuliza, na swali lake ni zuri. Zipo zenye umbo lile lile na zinaishi miaka mingi zaidi. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna kibodi cha ulinzi chenye kikomo cha ampea, na ndogo nyingi zinakata kabla ya kufika ampea 20 au 30 ambazo UPS inazidai. Pasipo maelezo ya mtengenezaji wa UPS yanayoruhusu, fedha itapotea.

Uamuzi unafikiwa: betri ile ile ya risasi, mpya. Lakini kabla fundi hajapanda daladala kwenda Kariakoo, Mwalimu anamtaka apime chaja, kwa sababu chaja mbovu itaiua betri mpya pia. Kwa betri ya volti 12, UPS ikiwa imechomekwa na betri imejaa, inatakiwa isomeke kati ya 13.5 na 13.8. Ikibaki juu ya 14.5 muda wote, betri itachemka na kuvimba tumbo. Ikiwa chini ya 13, haitajaa. Ya duka hili inasoma 13.6, nzuri. Upimaji huu umwachie fundi, kwani katika baadhi ya UPS vichwa vya betri havijatenganishwa na umeme wa ukutani, na mkono ukigusa pale unaweza kupata 230.

Dukani, mambo matatu yanamlinda mnunuzi. Asome tarehe, maana betri ya risasi hupungua chaji ikiwa rafuni, na iliyokaa zaidi ya nusu mwaka bila kuchajiwa imeshaanza kuharibika. Apime volti: chini ya 12.5 aulize maswali, chini ya 12 airudishe. Na aipime uzito. Betri halisi ya Ah 7 ina kilo 2 na zaidi, kwa kuwa risasi ni nzito. Bandia huwa nyepesi, sahani zake zikiwa chache na nyembamba. Mzani wa duka la jirani unatosha. UPS kubwa kidogo zina betri mbili, nazo hubadilishwa zote pamoja, kwani ya zamani itaiburuta mpya.

Betri inafungwa, inachajiwa usiku kucha, printa inahamishiwa ukutani. Kesho yake umeme unazimwa makusudi. Kompyuta ya kwanza inaendelea. Ya pili, ile mpya ambayo mwenye duka aliinunua mwaka huu, inazimika.

"Si niliwaambia?" dada anasema. "Laptop!"

"Na mimi nilisema bodi," fundi anaongeza.

Mwalimu anachomoa kompyuta zote, anachomeka taa mbili za uzi za wati 100, anazima ukutani. Taa hazipepesi hata kidogo. UPS imebeba wati 200 bila kulalamika, kwa hiyo kosa haliko ndani yake. UPS za bei nafuu zinapotumia betri hazitoi wimbi laini la umeme kama la ukutani, hutoa wimbi lenye ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kompyuta mpya, zile zinazorekebisha zenyewe namna ya kuvuta umeme, hazilipokei. Zinaona kitu kisicho cha kawaida na kujizima. Taa ya uzi haijali, wala kompyuta ya zamani haikujali. Tiba ni kuiwekea kompyuta hiyo UPS ya wimbi laini, ambayo ni ghali zaidi, au kuihamishia kazi ambayo haitaumia ikizimika. Mwenye duka anachagua la pili: kompyuta mpya itaskani na kutoa nakala, ya zamani itachapa kazi za wateja.

Na dada? Hoja yake ilistahili kusikilizwa tangu mwanzo. Laptop inakula wati 30 hadi 65, na mtu anayefungua duka la kuchapa leo, akianza bila chochote, atafanya vizuri kumsikiliza. Router nayo ina vibetri vyake vidogo vya volti 12 vinavyouzwa madukani, vinavyoibakiza hewani kwa saa kadhaa. Lakini laptop iliyochoka betri ni UPS mbovu kwa umbo jingine, na duka lenye kompyuta mbili nzima halina sababu ya kuziweka kando kwa ajili ya kitu ambacho aghalabu hakifiki nusu ya bei ya UPS mpya.

Kilichowashinda hawa wanne kimewashinda wakubwa pia. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima iliingia gizani, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta inayohudumia baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi. Tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, moto ulianzia kwenye betri za lithiamu za UPS wakati mafundi wanazihamisha, na mifumo 709 ya serikali ikazimika. Betri hizo zilikuwa zimeshapita miaka 10 iliyopendekezwa. Mkubwa au mdogo, mtambo wa dharura usiojaribiwa kwa mzigo halisi na usiofuatiliwa umri wake hauna tofauti na ule uliokuwa chini ya kaunta ya Sinza.

Jaribio lenyewe ni rahisi na linatosha mara moja kwa mwezi. Hifadhi kazi zote, kisha zima swichi ya soketi ukutani badala ya kuchomoa plagi; soketi zetu za pini tatu bapa zikizimwa hukata waya wa moto, lakini waya wa ethi unabaki umeunganishwa. Hesabu dakika hadi milio ianze kufuatana haraka. Ziandike kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya boksi, pamoja na tarehe ya betri. Dakika zikishuka hadi nusu ya zile za mwanzo, betri inunuliwe, isisubiriwe ripoti ya mwanachuo mwingine.

Betri ya zamani bado iko juu ya kaunta. Fundi anataka kuitupa jalalani, dada anasema kuna wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani. Lakini wengine huipasua uani, wakamwaga asidi mchangani na kuyeyusha risasi kwa mkaa mahali watoto wanapocheza. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao kiliwatia sumu ya risasi, Phyllis Omido aliyewapigania akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024 baada ya kutenguliwa katika rufaa.

Kwa hiyo mwenye betri iliyokufa asiipasue wala asiitupe. Airudishe nzima, na asidi yake ndani, pale anaponunua mpya au kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi. Na wauzaji wa Kariakoo, na wa Luthuli Avenue kule Nairobi, waanze kuzipokea kwa kumpunguzia mteja bei ya mpya, maana risasi iliyomo ni mali, na wao ndio walioiingiza mtaani.